UZI: Kununua nyumba ya shamba ughaibuni, na kwa nini notari wa Italia anauliza Katiba yetu inasemaje

Kila siasa zikianza kuchemka hapa kwetu kuna kauli mbili hazikosi. Ya kwanza: "Wageni wamemaliza ardhi yetu, hasa Pwani." Ya pili: "Mheshimiwa fulani ana jumba na shamba Ulaya, na pesa ni zetu." Watu hutupiana hizo kauli usiku kucha. Ukiuliza sasa, huyo mgeni hununuaje hiyo ardhi, iwe huku iwe kule, kimya.

Basi leo wacha tuongee hilo. Sitaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja wewe hapo chini, hilo ni lako. Uzi ni mrefu, shika chai.

Kwanza mnijue. Nimefanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya wakili Malindi miaka kumi na moja. Kazi yangu ilikuwa kukimbiza makaratasi: kupekua rekodi kwa msajili wa ardhi, kulipia ushuru wa stempu, kutafuta saini. Wateja wetu wengi walikuwa Waitaliano. Malindi na Waitaliano ni hadithi ndefu, inaanzia miaka ya 1960 walipoweka kituo chao cha kurushia roketi pale Ngomeni, ile San Marco. Wakaja wahandisi, wakaja watalii, wakaja wastaafu. Siku hizi hata muuza vinyago wa ufuoni atakupigia bei kwa Kiitaliano bila kujikwaa.

Kwa hivyo upande wa mgeni kununua kwetu naujua. Upande wa pili, wa mtu wetu kununua kwao, nimefundishwa na dada yangu, binti wa shangazi. Yuko Italia mwaka wa kumi na nne huu, mkoa wa Umbria, anafanya kazi kwenye makao ya wazee. Mumewe ni wa hukuhuku Kilifi, yuko kwenye ghala la mizigo. Jioni moja akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nimeona nyumba. Kubwa mpaka naogopa."

Ilikuwa nyumba ya shamba, ya mawe, ile Waitaliano huita casale. Chini zizi la ng'ombe, juu makao ya watu, ngazi iko nje ya ukuta. Vyumba vinane, mizeituni nyuma, paa limebonyea upande mmoja. Mpango wao ulikuwa waishi nusu, na nusu wawakodishie watalii. Bei waliyoambiwa ni ya fleti ya kawaida Nairobi.

Sasa swali la kwanza la mtu yeyote mwenye akili: kwa nini nyumba kubwa hivyo, ya Ulaya, iwe bei hiyo?

Jibu liko kwenye historia yao, na mtu wa Pwani akiisikia hataona kitu kigeni. Nyingi za hizo nyumba za Umbria, Toscana na Marche hazikuwa za matajiri. Zilikuwa za wakulima wasio na ardhi. Mwenye shamba alikuwa mjini, familia ya mkulima ikalima, mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Mfumo huo waliuita mezzadria, na ulidumu karne na karne. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wakaanza kukimbilia viwandani. Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Nyumba zikabaki na popo. Ndipo Waingereza na Wajerumani wakaja na pesa zao wakaanza kuzinunua na kuzitengeneza, mpaka sehemu ya Chianti ikabandikwa jina la utani la Kiingereza, Chiantishire.

Kwa hivyo ile picha unayoona kwenye kalenda, jumba la mawe na miti ya msonobari, ni nyumba ya skwota wao. Tofauti ni kwamba skwota wao aliondoka akaenda kupata mshahara mjini. Skwota wetu bado yuko pale pale. Kwetu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Mwambao wajitokeze kudai mashamba yao. Waliodai wakapewa hati. Wengi wa Mijikenda hawakupata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Wajukuu zao hadi leo wanaitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Ndiyo maana neno "mgeni" na neno "ardhi" yakikutana kwenye sentensi moja hapa Pwani, watu husimama.

Turudi kwa dada.

Alikosea mwanzoni, na kosa lake ndilo kosa la wengi. Dalali mmoja alimwekea karatasi mezani akamwambia ni ya kuonyesha nia tu. Akasaini, akatoa arabuni yuro 5,000. Ile karatasi haikuwa ya nia. Kule ukisaini pendekezo la kununua na mwenye nyumba akalikubali, tayari mmefungana. Mnunuzi akirudi nyuma, arabuni imekwenda. Muuzaji akirudi nyuma, mnunuzi ana haki ya kudai arabuni yake mara mbili. Iko kwenye Sheria yao ya Madai, kifungu cha 1385. Na dalali kule hulipwa na pande zote mbili, kwa hiyo usidhani yuko upande wako kwa kuwa amekufungulia mlango wa gari.

Benki ikatuma mpimaji wake. Mpimaji akakuta lile zizi la chini limegeuzwa vyumba viwili vya kulala na choo, na kwenye ramani iliyo kwa serikali bado ni zizi. Hakuna kibali cha ujenzi. Tangu 2010 sheria yao inataka muuzaji athibitishe kwamba ramani iliyosajiliwa inalingana na jengo lilivyo, la sivyo hati ya mauzo ni batili. Benki ikakataa kutoa mkopo. Na ile karatasi ya dalali haikuwa na mstari unaosema "benki ikikataa, nirudishiwe pesa yangu". Mstari mmoja tu!

Wakili alimwambia kesi angeweza kushinda, maana kasoro ilikuwa ya muuzaji. Lakini kesi yenyewe ingekula zaidi ya hizo 5,000, na miaka juu yake. Akaziachia. Yuro 5,000 ni miezi mingi ya kuwaogesha wazee usiku. Alilia kwenye simu, na mimi niliyezoea kusoma mikataba ya watu wengine sikuwa na la kumwambia, maana hakuniuliza mapema na mimi sikuuliza.

Nyumba ya pili ilipatikana mwaka uliofuata, bonde hilohilo. Hii ilikuwa kubwa zaidi, vyumba kumi na kimoja, shamba la mizeituni hekta mbili na nusu. Bei yuro 110,000, paa linataka kazi. Safari hii alitafuta mpimaji wake mwenyewe kabla ya kugusa kalamu. Mpimaji wao, geometra, ndiye mtu wa maana kuliko dalali. Huangalia ramani, vibali, kisima, shimo la maji taka, na barabara ya kuingilia ni ya nani. Mlipe yeye kwanza.

Pesa hazikutosha. Kakake aliye Mtwapa akasema ataweka yuro 30,000. Alikuwa ameuza ploti. Wakakubaliana majina matatu kwenye hati: dada, mume, kaka.

Hapo ndipo wakafika kwa notari. Notari wa Italia si kama yule wakili wetu wa kugonga muhuri kwenye hati ya kiapo. Ni afisa wa umma. Hakuna uhamisho wa nyumba kule bila yeye. Hukagua kama kuna deni juu ya nyumba, hukusanya kodi ya serikali, husoma hati kwa sauti mbele ya wote. Kwa kawaida mnunuzi ndiye humchagua na kumlipa, lakini hafanyi kazi ya upande mmoja.

Notari akaangalia kibali cha ukaazi cha dada. Sawa. Cha mume. Sawa. Akauliza cha kaka. Kaka hana, yuko Mtwapa. Notari akaweka kalamu chini.

Akauliza: Mwitaliano akitaka kununua shamba kwenu Kenya, anaruhusiwa?

Dada akanipigia hapohapo, spika imewashwa. Na mimi nikajua jibu kabla hajamaliza swali, maana nililisema mara mia Malindi nikiwa nimesimama upande ule mwingine wa meza.

Wacha nieleze hili polepole, manake ndilo kiini cha uzi wote. Sheria ya Madai ya Italia ya 1942 ina utangulizi, na kifungu cha 16 cha utangulizi huo kinasema mgeni anapata haki za kiraia alizo nazo Mwitaliano kwa sharti la kutendeana sawa. Nipe nikupe. Kwenu Mwitaliano akiruhusiwa, na wewe hapa ruksa. Kwenu akizuiwa, na wewe subiri kidogo. Wizara yao ya Mambo ya Nje ndiyo huchunguza nchi moja moja: sheria yake inasemaje, kuna mkataba wowote kati ya nchi hizo mbili au hakuna.

Sharti hilo haliwagusi wote. Raia wa Umoja wa Ulaya hawaulizwi. Mgeni mwenye kibali halali cha kuishi kule, cha kazi, cha familia, cha masomo, naye haulizwi, anahesabiwa kama mwenyeji kwa jambo hili. Kwa hiyo dada na mumewe walikuwa salama kabisa. Anayeulizwa ni yule anayenunua akiwa nje, hana kibali. Yaani kaka wa Mtwapa. Na yaani pia yeyote hapa anayeota kununua kasri la Italia akiwa amekaa Kileleshwa.

Sasa Katiba yetu inasemaje? Kifungu cha 65: asiye raia anaweza kumiliki ardhi Kenya kwa lizi tu, yaani kwa kukodi, na muda usizidi miaka 99. Hati ikimpa zaidi ya hapo, sheria inaisoma kama ya miaka 99. Ile ya kudumu, ile mnaita frihodi, hapana. Na siku Katiba ilipozinduliwa, tarehe 27 Agosti 2010, kila mgeni aliyekuwa na frihodi alibaki na lizi ya miaka 99. Nakumbuka mzee mmoja wa Kiitaliano nikimweleza hilo kwa lugha ya kuvunjavunja. Akanitazama, akacheka: "Miaka tisini na tisa? Yanitosha." Mkewe hakucheka.

Na msije na ile ya "lakini huunda kampuni". Watu wanasema ukimtafuta Mkenya ukampa asilimia 51 ya hisa, umemaliza. Sivyo. Kifungu hichohicho kinasema kampuni ni ya raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Yote. Mgeni akiwa na hisa moja, kampuni ni mgeni. Na ukimweka Mkenya ashike ardhi kwa niaba ya mgeni, Katiba inaangalia anayefaidi ni nani.

Hiyo ni ardhi kwa ujumla. Shamba la kilimo ni kali zaidi. Sheria ya kudhibiti ardhi ya kilimo, ya 1967, inataka kila mauzo yapite kwenye bodi, ile mnaita landi bodi. Na bodi inaagizwa ikatae kama mnunuzi si raia. Bila ridhaa ya bodi mauzo ni bure. Ndiyo maana Malindi utaona majumba ya Waitaliano yako mjini na ufuoni, si kwenye mashamba ya mahindi ya Ganze. Kwa ufuoni nako, tangu 2016, ploti za mstari wa kwanza na wa pili kutoka alama ya maji kujaa haziendi kwa mgeni bila idhini ya waziri, sawa na ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akasema "wageni wananunua mashamba yetu kiholela", muulize: kwa kifungu gani? Lakini usimwachie hapo tu, maana kuna dirisha. Sheria hiyo ya 1967 inampa Rais uwezo wa kutoa msamaha kwa tangazo la Gazeti la Serikali. Marais wote waliopita na watakaokuja. Ukitaka mjadala wenye meno, acha kupiga kelele kuhusu Mzungu mwenye nyumba ya makuti Watamu. Uliza nani alisamehewa, shamba gani, ekari ngapi, kwa sababu gani. Hiyo ni karatasi iliyochapishwa, inatafutika.

Mimi, niseme ukweli wangu, naunga mkono kifungu cha 65. Nimezaliwa kwenye shamba ambalo baba hakupata hati mpaka anakufa. Sioni sababu ya ekari za Kilifi kuwekwa mnadani kwa mwenye yuro. Na hatuko peke yetu. Tanzania kwa sheria ya 1999 mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. New Zealand mwaka 2018 iliwafungia wageni wengi wasinunue nyumba zilizopo. Canada ikafanya yake kuanzia 2023. Kila mtu analinda uani kwake.

Ila siku ile kwenye simu nilipojibu, "Frihodi hapana. Shamba la kilimo, bodi itamkatalia," sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeshtaki ndugu yake. Notari akasikia akaitafsiriwa. Akasema kwa upole kwamba kwa huyu wa tatu itabidi athibitishe kwanza kabla ya kugusa hati, kwa sababu hati ikivunja sharti hilo inaweza kuja kubatilishwa. Tarehe ya mkataba ilikuwa karibu. Wakamtoa kaka kwenye hati.

Pesa yake je? Wakaandika mkopo. Kaka amemkopesha dada yuro 30,000, saini huku mbele ya wakili, saini kule. Kwa karani kama mimi huo ndio utaratibu. Kwa ndugu wa damu si kitu kimoja. Mwenye jina kwenye hati ana nyumba. Mwenye karatasi ya mkopo ana deni la kudai. Mungu aepushe, dada akitangulia, kaka atajikuta anawadai watoto wa dadake. Shangazi alinisuta kwa hilo: "Wewe msomi, umemnyang'anya mwanangu nyumba kwa simu." Sijui kama amenisamehe. Wali wake bado nakula.

Mnadhani yameisha? Kuna la mizeituni.

Huku sisi tunamzuia mgeni mlangoni. Italia inamruhusu mwenye kibali kuingia, lakini inamweka mkulima mbele ya foleni. Kwa sheria ya 1965 na nyingine ya 1971, shamba la kilimo likiuzwa, mkulima anayelikodi, na kama hakuna anayelikodi basi jirani mwenye shamba anayelilima mwenyewe, ndiye mwenye haki ya kununua kwanza kwa bei ileile. Lazima ajulishwe, na ana siku 30 kujibu. Mkimficha mkauziana kimyakimya, ana mwaka mzima tangu hati isajiliwe wa kuja kukomboa shamba kutoka mikononi mwa mnunuzi kwa bei iliyoandikwa. Bei iliyoandikwa, mmeisikia? Wale wa kupunguza bei kwenye karatasi ili wakwepe kodi, kule jirani atakunyoa kwa karatasi yako mwenyewe.

Jirani wa dada alikuwa mzee wa zabibu na mizeituni, ana trekta la zamani kumliko mimi. Akapelekewa barua ya rejista. Siku ya ishirini na kitu akajibu: shamba nalitaka. Nyumba kwa bahati ilikuwa imeshasajiliwa kivyake kama jengo, na mpimaji alikuwa amewashauri watenganishe bei ya nyumba na bei ya ardhi. Basi mzee akachukua hekta zake, dada akabaki na nyumba na uwanja wa kuanikia nguo na miti sita.

Dada alikasirika. Mimi, samahani, nilimpenda yule mzee bila kumjua. Hebu fikiria sheria kama hiyo Kilifi: bwenyenye kutoka mjini, raia kama wewe, frihodi halali, anakuja kununua ekari mia, na sheria inamwambia, ngoja, muulize kwanza anayelima hapa kama anazitaka kwa bei hiyo. Sisi landi bodi yetu inauliza pasipoti. Haimpi anayelima nafasi ya kwanza. Wengi waliofukuzwa kwenye mashamba Pwani hii hawakufukuzwa na Mwitaliano.

Kodi nipite haraka. Ukinunua nyumba kwa mtu binafsi na ukaifanya makao yako ya kwanza, na ukahamia kwenye manispaa hiyo ndani ya miezi 18, ushuru wa usajili ni asilimia 2. Kama si makao ya kwanza, asilimia 9. Huhesabiwa kwa thamani iliyo kwenye rejista ya serikali, ambayo mara nyingi iko chini ya bei ya soko. Shamba la kilimo kwa asiye mkulima wa kazi ni asilimia 15. Kumbe mzee wa trekta alimwokolea dada pesa. Baada ya hapo, nyumba isiyo makao ya kwanza ina kodi ya manispaa kila mwaka.

Na zile nyumba za yuro moja mnazotumiana kwenye simu zipo kweli, lakini hiyo yuro moja ni ya mlango. Unafungwa kuitengeneza ndani ya muda, na paa la jiwe haliezekwi kwa yuro moja.

Sasa mheshimiwa na jumba lake la Ulaya. Nimeahidi sitaji mtu.

Katiba yetu haimkatazi afisa wa serikali kuwa na nyumba nje. Inamkataza, kifungu cha 76, kuwa na akaunti ya benki nje ya Kenya ila kwa jinsi sheria ya Bunge inavyoruhusu. Kifungu cha 78 kinamzuia kuwa na uraia wa nchi mbili, isipokuwa majaji, makamishna na wale ambao uraia huo wa pili wamepewa na sheria ya nchi nyingine bila njia ya kuukataa. Kwa hiyo swali la "ana nyumba?" ni swali dhaifu. Swali zito ni: ililipwa kutoka akaunti gani?

Na hilo kwa Italia lina jibu kwenye karatasi. Tangu 2006 hati ya mauzo lazima itaje malipo yalifanywaje: hundi namba gani, uhamisho wa benki upi, dalali alilipwa kiasi gani. Rejista za nyumba kule ni za umma. Unalipa ada, unapekua jina, unapata kilichosajiliwa. Kama ni kampuni, unaifuata kampuni kwenye rejista ya biashara. Si siri ya kunong'onezana. Mtu akikurushia picha ya jumba lenye msonobari akakwambia ni la fulani, mwambie alete hati iliyopekuliwa. Nimeona picha moja ya jumba la Toscana ikitumika dhidi ya watu watatu tofauti, wa mirengo mitatu tofauti, ndani ya kampeni moja.

Jambo la mwisho kuhusu nyumba, halafu niende kazini. Kununua nyumba Italia hakukupi ruhusa ya kuishi Italia. Hata visa yao ya wawekezaji haihesabu nyumba. Ureno iliondoa njia ya nyumba 2023, Uhispania ikafuata 2025. Mkenya asiye na kibali anaingia kwa visa ya Schengen kama mgeni yeyote, siku 90 katika kila siku 180, awe na jumba la vyumba kumi na kimoja au awe na begi la mgongoni.

Dada na mumewe walihamia mwaka jana. Paa limepigwa nusu, vyumba vitatu vinakodishwa. Mzee wa trekta huwaletea mafuta ya mizeituni kwenye chupa ya maji. Kaka ameomba visa akaone nyumba aliyoweka ploti yake ya Mtwapa ndani yake. Kwenye fomu kuna swali: utakaa wapi? Ameandika anwani ya dadake, na ameambatanisha barua ya mwaliko.